Alama Kumi na Nane

Barua ya Idara ya Ustawi wa Wazee ilikuja imekunjwa mara mbili, ikachomekwa kwenye kitasa juu kidogo ya kufuli, kana kwamba aliyeileta alitaka ijulikane kuwa kufuli ameliona.

Mpiga pasi aliisoma akiwa amesimama nje, mkoba begani, ufunguo mkononi. Alikuwa ametoka kazini, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, ambako tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri alilisha mashuka mashine ya pasi yenye mdomo mpana kama mlango. Barua ilisema Idara imepokea taarifa kwamba katika nyumba hii mzee hufungiwa ndani peke yake. Afisa angefika Alhamisi saa kumi jioni kuhakiki usalama wake, kisha kushauri msaada unaofaa. Aliisoma mpaka mhuri, halafu akarudi kwenye maneno mawili, *hufungiwa* na *msaada*, asijue ashike lipi aache lipi.

Mlango ukagongwa kutoka ndani, kwa adabu, mara tatu.

"Hodi! Idara ya Maji! Tunasoma mita!"

"Karibu, baba," alijibu, akafungua kufuli.

Ndivyo ilivyokuwa nyumba yao mwaka wa pili huu: wa ndani anapiga hodi, wa nje anamkaribisha. Baba mkwe wake alikuwa amesoma mita za maji za mji huu kwa miaka thelathini na mmoja. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kumwaga yaliyomo, lakini miguu ilikumbuka kila kitu. Mlango ukiachwa wazi, alivaa kofia, akachomeka penseli sikioni, akatoka. Aliingia ua wa mtu yeyote, akapiga magoti, akafunua mfuniko wa mita, akasoma namba kwa sauti. Mtaani kwao walimzoea, walimwita Bwana Mita. Tatizo ni kwamba miguu ile haikujua mwisho wa mtaa. Siku moja alikutwa ng'ambo ya barabara kuu, kwenye ua wa watu wasiomjua, ambao walikuwa wamekwisha kumzaba vibao viwili kabla ya kuona mvi zake. Jioni ile ile mkwewe, mpiga pasi, alinunua kufuli.

Jirani wa chumba cha pili, msusi aliyefanyia kazi barazani kwake, alikuwa ameketi akichambua nywele za bandia. Wapangaji walimwita Redio, na yeye aliitika.

"Ni wewe?" mpiga pasi alimuuliza, barua mkononi.

"Ni mimi," Redio alisema bila kupepesa. "Nichukie, haki yako. Juzijuzi alipiga mlango kuanzia saa nne mpaka saa sita, anamwita mama yake. Mama yake, shoga! Kafariki mimi hata mama yangu hajaolewa. Masikio yangu si ya chuma."

"Ungeniambia mimi."

"Nikwambie nini usichokijua? Kelele unazijua, kufuli unalijua. Wale wa Idara wana mhudumu, mtu wa serikali anakuja asubuhi, anakaa na mzee mpaka urudi, huchangii kitu. Nimesikia kwa masikio yangu haya haya. Sasa akija huyo afisa, mwambie yote. Usimfunike funike mzee kama chungu. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua."

Jioni alimpigia simu mumewe. Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa. Wiki tatu njiani, siku nne nyumbani. Nyuma ya sauti yake injini ilikuwa inanguruma.

"Afisa wa serikali? Nyumbani kwetu?" alisema. "Sikiliza, mke wangu. Baba asionekane mchafu. Watu wasije wakasema mtoto wake kamtupa kama gunzi. Umenisikia? Mtengeneze."

"Nitamtengeneza."

"Najua nakutwisha mzigo."

"Mzigo gani? Ni baba."

Na mzigo wenyewe haukuwa na jina, kwa sababu wote watatu walikubaliana kutoutaja. Mume akiwa safarini, ni yeye aliyemwogesha mzee. Alimwogesha kila alfajiri kabla ya kazi, na siku nyingine mara mbili, mzee akiwa amejisahau. Mara ya kwanza wote wawili walilia, kila mmoja ametazama ukuta wake. Baadaye walipata njia ya kulipita jambo lile. Bafuni hawakusemezana hata neno. Mzee alifumba macho, mkwewe alifanya haraka, kitambaa, sabuni, maji, taulo. Akishamvika, alitoka, akazunguka nyumba nzima kwa nje, halafu akaingia kwa mlango wa mbele na kusema, "Shikamoo, baba. Umeamkaje?" kama mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Na mzee, hata asubuhi ambazo hakulikumbuka jina la mwanawe, aliitika, "Marahaba, mama. Salama kabisa." Lililotokea bafuni lilikuwa halikutokea.

*

Alhamisi nyumba nzima ilikuwa imepigwa pasi. Mapazia, kitambaa cha meza, shati jeupe la mzee lenye mstari wa mkono uliokata kama wembe. Sakafu ilinuka dawa. Godoro lililokuwa na doa lilikuwa limegeuzwa. Redio alichungulia, akatikisa kichwa.

"Unaposa au unaomba msaada?"

"Mgeni hapokewi kwenye uchafu."

"Haya. Mpambe bwana harusi wako."

Afisa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, viatu vimejaa vumbi, faili kwapani. Alisalimu, akaketishwa kwenye kiti pekee chenye mto, mgongo wake ukielekea kalenda ya ukutani, ile ya kuchana karatasi kila siku. Mpiga pasi alikuwa ameichana asubuhi, kama kawaida yake.

"Baba," afisa alianza, sauti yake ya upole, "mimi nimetoka Idara. Kazi yetu ni kuhakikisha wazee hawapigwi, hawalali njaa, hawafungiwi. Na tukimkuta mzee hawezi kujihudumia, tunamletea wa kumhudumia. Nitakuuliza maswali ishirini. Mengine yatakuchekesha."

"Uliza, mwanangu. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa fomu."

"Leo tarehe ngapi?"

Mzee aliinua kidevu. Jicho lake likapita juu ya bega la mgeni, likatua ukutani, akasoma siku, tarehe, mwezi na mwaka bila kukwama, kama alivyozoea kusoma namba zilizozama chini ya matope. Afisa akatia alama. Mpiga pasi aliyaona yote, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Utamwambiaje mgeni kwamba mzee wa watu ameibia jibu?

"Choo unakwenda mwenyewe?"

Mzee alicheka. "Hilo nalo la kumuuliza mtu mzima mbele ya mke wa mwanawe?"

Afisa naye akacheka. "Nisamehe, baba. Naandika ndiyo." Akamgeukia mpiga pasi. "Kuoga je? Anaoga mwenyewe?"

Chumba kilikuwa kidogo. Mzee alimtazama mkwewe, na hayakuwa macho ya mtu aliyepotea. Yalikuwa macho ya mwenye nyumba ambaye mgeni amekaribia kufungua mlango wa chumba kisichofunguliwa wageni.

"Anaoga mwenyewe," mpiga pasi alisema.

"Hupotea njia?"

"Nani, mimi?" mzee alidakia. "Mita elfu mbili na mia nne kila mwezi! Njia namba saba: unaanzia tangi kubwa, unashuka geti la kijani, geti lenye mbwa, geti la mjane, unakata kushoto shuleni. Nifumbe macho sasa hivi nikufikishe."

"Mashallah, baba una kumbukumbu kunishinda," afisa alisema, kalamu ikikimbia. Kisha ikasimama. "Na kufuli la nje?"

"Kufuli gani?" mzee aliuliza, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. Alimgeukia mkwewe. "Mama, tuna kufuli?"

"Ni kwa ajili ya wezi," alisema. Uongo wa pili ulitoka mwepesi kuliko wa kwanza.

Afisa alifunga faili, akaaga, akamwomba mpiga pasi amsindikize. Nje, kando ya mtaro, alisimama. "Dada, utaratibu unanitaka nizungumze na mwangalizi peke yake. Kuna jambo limekushinda kulisema mle ndani?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, nao ulikuwa wazi. Aliyapanga maneno: hajui usiku na mchana, namwogesha mimi, akitoka watamuua. Akainua uso aanze. Dirishani, kando ya pazia lililonyooshwa, baba mkwe wake alikuwa amesimama wima na shati lake jeupe, ameinua mkono kumuaga mgeni, anatabasamu. Dirisha halikuwa na kioo, na masikio ya mzee yalikuwa ndiyo kitu pekee ambacho ugonjwa haukuwa umekigusa.

"Hapana," mpiga pasi alisema. "Ni uzee tu."

"Wote tutafika huko," afisa alisema, akaenda zake. Alikuwa na nyumba nne nyingine kabla ya jua kuzama.

*

Wiki iliyofuata aliitwa ofisini. Alikaa kwenye benchi saa mbili na kikaratasi chenye namba, kati ya mwanaume aliyelala na mwanamke aliyekuwa akizungumza na kijaluba chake cha dawa. Alipoitwa, afisa alimsogezea karatasi.

"Kumi na nane kati ya ishirini. Mzee wako anajitegemea kuliko baadhi ya wakubwa wangu humu." Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Mhudumu tunampeleka kwa mwenye alama chini ya kumi na mbili. Lakini hilo si zito. Zito ni kufuli. Mtu asiyejiweza ukimfungia, tunakaa, tunazungumza, tunatafuta njia. Mtu wa alama kumi na nane ukimfungia, hicho ni kifungo, dada. Nina wajibu wa kuandika."

Amri ilikuwa fupi. Kufuli na komeo lake ving'olewe kufikia kesho. Idara ingekuja kukagua bila taarifa. Likikutwa tena, shauri lingekwenda polisi, na mzee angehamishiwa makao ya wazee hadi liishe.

"Alisoma kalenda," mpiga pasi alisema.

"Nini?"

"Tarehe. Alisoma kalenda nyuma yako. Haendi choo mwenyewe. Haogi mwenyewe. Usiku anafunga mizigo anasema gari la ofisi limefika. Njia namba saba anaijua kweli, lakini nyumba yake haijui. Akitoka harudi."

Afisa aliweka kalamu chini taratibu. "Alhamisi umeniambia vile, leo waniambia hivi. Niandike lipi?"

"Nilisema mbele yake."

"Na pale mtaroni?"

"Alikuwa dirishani."

Nje ya mlango namba nyingine iliitwa, na mtu akaitika kwa kukohoa.

"Kila wiki," afisa alisema hatimaye, "naingia nyumba imesuguliwa kama kuna arusi. Mzee amevishwa, amefundishwa, hata njaa kaambiwa aisahau mpaka niondoke. Najua, mgeni haonyeshwi kidonda. Lakini mimi siji kama mgeni. Mnavyonikaribisha vizuri ndivyo mnavyonifunga mikono." Akafungua mtoto wa meza, akatoa fomu ya manjano. "Tathmini ya pili. Safari hii anakaa daktari. Jaza sasa hivi, nitaisukuma mwenyewe. Foleni ni wiki sita."

"Nifanye nini wiki sita?"

"Asifungiwe. Na asiachwe peke yake."

"Na kazi?"

Afisa hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimfanya mpiga pasi aogope zaidi. "Kwenye fomu," alisema, "hakuna pa kuandika hilo."

Msimamizi wa kiwanda alikuwa na jibu fupi zaidi. "Likizo ya wiki sita? Wageni wa hoteli walale kwenye magodoro matupu? Mama, mashuka hayana likizo. Wako wanaoitaka mashine yako, wamejipanga getini."

*

Fundi seremala aling'oa komeo. Yalibaki matundu manne kwenye mbao, na usiku upepo ulipita humo ukipiga mluzi mwembamba.

Redio, kwa kuwa alikuwa ndiye aliyeita nyoka akaingia ndani, alijitolea kulinda. Aligeuza kiti chake barazani kikaelekea mlango wa mzee. "Hatoki hapa," alisema. "Akitoka, na mimi nisukwe upara." Siku ya kwanza alimrudisha mzee mara tano. Siku ya tatu, mara tisa. Wateja walianza kunung'unika, maana msusi anayeruka kila mara huacha mistari kichwani kama njia za ng'ombe.

Mpiga pasi aliandika namba yake ya simu kwenye kitambaa, akakishona ndani ya shati la mzee. Alikikuta mezani, nyuzi zimefumuliwa moja moja kwa subira. "Mtu ameacha risiti yake kwenye nguo yangu," mzee alimwambia. "Mtunzie, atakuja kuidai." Alificha kofia, mzee akavaa sufuria ndogo. Alificha viatu, akatoka peku.

Na mji nao ulikuwa umeingiwa na jambo. Mita zilikuwa zinaibiwa. Wezi waliingia nyua mchana kweupe, wakikata mita za shaba na kuziuza kwa wanunua vyuma chakavu, na nyuma yao maji yakaruka mpaka madirishani. Nyumba zilipata ankara za maji yaliyomwagika barabarani. Mtaa wa juu, ule wenye mageti, walikuwa wamepoteza kumi na saba.

"Sisi tumeapa," alisema mwenzake kiwandani, aliyeishi huko juu, akikunja shuka upande wa pili. "Atakayeshikwa amechuchumaa kwenye mita, kituoni hafiki. Tutampiga pasi, shoga. Anyooke."

Wanawake waliangua kicheko. Mpiga pasi naye alitaka kucheka ili asiulizwe, lakini mdomo ulikataa. Shuka lilipita mkononi mwake likiwa la moto, na hakulisikia.

Usiku alimweleza mzee, polepole, kama anavyoelezwa mtoto wa watu. "Baba, usitoke. Watu wana hasira. Wanatafuta wezi wa mita."

Mzee alisikiliza kwa makini, uso umekunjamana. "Wanaiba mita?" alisema. "Hiyo ni hasara kubwa. Inabidi nizikague zote."

Alijuta kumwambia. Alilala mkono umekunja ngumi, kana kwamba ameshika shati la mzee, akisikia mluzi wa matundu manne, akihesabu: zimepita siku kumi.

*

Siku ya kumi na moja, saa tano na robo, simu ilitetemeka kwenye mfuko wa aproni.

"Nimegeuza shingo tu," Redio alikuwa analia. "Namsuka mtu, nusu kichwa, nimeinama kuchukua kitana. Nimegeuza shingo tu, wallahi, mlango uko wazi, hayumo. Mtaani nimezunguka kote."

Aliacha shuka nusu likiwa kwenye mdomo wa mashine. Nyuma yake msimamizi alipiga kelele kuhusu mtu wa getini. Hakugeuka. Hakuwa na haja ya kukisia alikokwenda mzee. Njia namba saba alikuwa ameisikia usiku mwingi kupitia ukuta, kuliko wimbo wowote. Tangi kubwa. Kutoka hapo, kushuka.

Aliwaona kabla ya kufika geti la kijani. Watu thelathini, labda arobaini, wamefunga duara. Katikati baba mkwe wake alikuwa amepiga magoti kando ya mfuniko uliofunguliwa, peku, mikono imelowa mpaka viwikoni. Damu ilikuwa inamshuka kutoka juu ya sikio, imechora mstari kwenye kola. Aliendelea kusoma. "Sifuri, sifuri, nne, moja..." alisema, na kila aliposema namba mtu mmoja alimpiga teke la kiatu kwenye paja, si kwa nguvu bado, kama anayejaribu kama tairi lina upepo. Aliyesimama mbele yake, mchomeleaji mwenye miwani ya kazi juu ya paji la uso, alikuwa na kipande cha nondo.

"Mwacheni! Ni baba mkwe wangu! Mgonjwa huyo!"

Duara lilifunguka kidogo, likamwingiza, likafunga.

"Hakuna mwizi asiye na ndugu," mwanamke mmoja alisema.

"Mgonjwa wa nini? Mbona namba anazitaja vizuri kuliko karani?"

"Huyu ndiye anayewachunguzia. Anahesabu, vijana wanakuja kukata. Na huyu ndiye mpokeaji, mwangalieni na aproni lake."

Mchomeleaji aliinua mkono, wakanyamaza. "Tusikosee," alisema. Akainama usawa wa uso wa mzee. "Mzee. Unamjua huyu mama?"

Mzee aliinua macho. Alimtazama mkwewe kuanzia miguuni hadi kichwani, aproni, jasho, kitambaa kilichomfunguka kichwani mbele ya wanaume. Hadi leo mpiga pasi hajui ilikuwa maradhi au ilikuwa aibu. Kama hakumtambua, au alimtambua mno akakataa aonwe naye akiwa ameanguka hivi.

"Simjui," alisema. "Huyu mama simjui."

Mngurumo ulipita kwenye duara. Mtu akasema, "Mmesikia." Nondo ikahama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

"Akili imemtoka!" mpiga pasi alipaza sauti. "Hajui leo siku gani. Hajui kwake. Anajisahau, anajiharibia nguo. Hawezi hata kuoga. Namwogesha mimi. Mimi, mke wa mwanawe, kila siku inayokucha, namwogesha!"

Aliona bega la mzee likishuka, taratibu, kama hema lililokatwa kamba.

"Maneno hayo," mtu alisema. "Hata mimi naweza kuyatunga."

"Mfunueni basi." Hakuitambua sauti yake. "Chini ya bega la kushoto ana kovu, urefu wa kiganja, limejikunja kama gome la mti. Kiunoni kulia ana doa jeusi, ukubwa wa kifungo. Mwili ule naujua mimi kuliko mamaye. Mfunueni muone."

Mikono miwili ilishika shati jeupe, ikalipandisha hadi shingoni. Mgongo wa mzee ulitoka kwenye jua, mbavu zote zinahesabika, ngozi laini na safi kama ya mtoto aliyeogeshwa vizuri. Kovu lilikuwepo. Doa lilikuwepo. Watu walitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha mmoja baada ya mwingine wakaanza kutazama kwingine, ukutani, kwenye simu zao, kwenye maji yaliyokuwa yakimeta ndani ya shimo la mita. Mchomeleaji aliiegemeza nondo getini kama kitu ambacho hakuwa nacho.

"Mungu wangu," mwanamke yule wa kwanza alisema. "Mzee wa hali hii!" Na hapo hapo hasira yake ikapata pa kutua upya. "Na wewe dada, huna hata huruma? Mtu kama huyu mnamwachia mlango wazi? Kufuli linakushinda?"

Mpiga pasi alijifunga tena kitambaa kichwani.

Mzee alijiteremshia shati mwenyewe. Alitafuta vifungo kwa vidole vilivyolowa, akavifunga kimoja kimoja, akakosea, akaanza upya, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alirudisha mfuniko wa mita mahali pake. Alipokwisha simama alimwelekea mkwewe, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, nyepesi, ya mtu mwenye akili zake zote.

"Umewaonyesha," alisema.

Akapita katikati ya watu, wakampisha.

Mpiga pasi alimfuata kwa hatua kama kumi nyuma. Hakuthubutu kuzipunguza. Zilikuwa zimebaki wiki nne na siku tatu kabla ya daktari. Kiwandani labda mashine yake ilikuwa imekwisha pata mikono mingine. Nyumbani mlango ulikuwa na matundu manne. Alimtazama mzee akitembea mbele, mgongo wima ndani ya shati lililovunjika mistari, kichwa hakigeuki. Kwenye njia panda ya kwanza mzee alisimama. Hakutazama nyuma wala hakuuliza kitu. Alisimama tu, mikono imening'inia, kama mtu anayesubiri gari lipite, na barabara ilikuwa tupu.

Mpiga pasi naye alisimama.

"Kulia, baba," alisema kwa sauti ndogo, kutoka kule kule nyuma.

Mzee akakata kulia. Kwenye njia panda ya pili akasimama tena.